Utamu wa Ukoko: Skii ya Mwisho wa Msimu



Ifikapo mwezi wa Aprili, watu wengi wa nchi hii hukunja makoti yao ya theluji na kuyarudisha kabatini. Maduka huteremsha bei za glavu na soksi nene, na anayetaja skii wakati huo huonekana kama mtu aliyefika karamuni baada ya pilau kupakuliwa na sinia kuondolewa. Lakini kila aliyelelewa Pwani anajua kwamba chini ya sufuria hubaki ukoko, na kwamba ukoko una wenyewe. Wako wanaouacha wali wenyewe wakausubiri.

Makala haya yana makusudio mawili. La kwanza ni kueleza kwamba kwa familia zetu zinazoishi Peckham na mitaa ya jirani, mwisho wa msimu, wakati theluji imekonda na milima imeanza kuonyesha mawe yake, ndio wakati ulio bora kuliko yote wa kuujua mchezo huu. La pili ni zito zaidi. Theluji yenyewe inapungua, huku tuliko na kwetu tulikotoka, na mtoto asiyeiona leo hana dhamana ya kuiona akiwa mtu mzima.

KWA NINI TUNASEMA SI YETU

Kila mwaka baadhi ya watoto wetu hurudi nyumbani na barua ya shule inayotangaza safari ya skii, na nyingi ya barua hizo huishia juu ya friji mpaka siku ya mwisho ya kujiandikisha ipite. Sababu zitolewazo ni tatu: gharama ni kubwa, baridi ni kali, na mambo hayo si yetu.

Gharama na baridi ni sababu za kweli, nami nitazirejea. Hii ya tatu ndiyo inayostahili kuulizwa kwanza, kwa kuwa lugha yetu yenyewe inaikanusha. Neno "theluji" tumelipokea kutoka Kiarabu, na neno "barafu" asili yake ni Kiajemi, lugha ambamo "barf" maana yake hasa ni theluji. Wazee wetu walikuwa na maneno mawili kwa kitu ambacho wengi wao hawakukitia machoni. Fauka ya hayo, katika mojawapo ya dua za kufungulia Sala, iliyopokewa kwa Abu Huraira na kuthibitishwa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) anamwomba Mola amwoshe makosa yake kwa maji, theluji na mvua ya mawe. Vizazi na vizazi vya Waislamu wa Unguja, Lamu, Mombasa na Barawa wameisoma dua hiyo huku jasho likiwatiririka mgongoni. Mtoto wa Rye Lane ambaye ameishika theluji kwa mkono wake anaifahamu picha hiyo kwa namna ambayo babu yake hakujaaliwa.

Wala hatuwezi kusema kwamba theluji haijatufikia mlangoni. Tarehe 2 Februari 2009 ilianguka London kwa wingi hata mabasi yote ya jiji yakasimamishwa, na watoto wakateremka vilima vya Telegraph Hill na One Tree Hill wakikalia trei za jikoni na mifuko ya plastiki. Theluji ya London aghalabu ni nyembamba na yenye maji tangu inapoanguka. Kwa hiyo watoto wetu, bila ya kujua, wamekwisha kuzoea kuteleza juu ya theluji inayokwenda zake.

THELUJI YA USKOTI INAVYOKAA

Anayetaka mlima wa kweli bila ya kuvuka bahari huenda Uskoti. Huko kuna vituo 5 vya skii vya mlimani: CairnGorm, Glenshee, Lecht, Glencoe na Nevis Range. Kikongwe chao ni Glencoe, kilichoanza mwaka 1956. Kinachofikika kwa wepesi zaidi na mtu asiye na gari ni CairnGorm, karibu na mji mdogo wa Aviemore, kwa sababu njia ya reli inayotoka London kwenda Inverness hupita hapo hapo.

Milima ya Uskoti si mirefu. Kilele cha Cairn Gorm kina mita 1,245 tu, chini ya robo ya Kilimanjaro yetu yenye mita 5,895. Kinachoihifadhi theluji mpaka Aprili, na katika miaka mizuri mpaka Mei, ni upepo kuliko urefu. Upepo huifagia theluji kutoka katika nyanda za juu na kuisukumia katika mabonde na makorongo, ambako hurundikana kwa kina kikubwa. Wenyeji wameusaidia upepo huo kwa kujenga nyua za mbao kandokando ya njia za skii, ili theluji ipungue kasi na kutua pale wanapoitaka. Ndiyo sababu mwishoni mwa msimu mlima mzima huweza kuwa wa rangi ya kahawia, ilhali katikati yake umelala utepe mweupe, mrefu na mwembamba, wenye upana wa barabara au pungufu yake. Juu ya utepe huo ndiko watu huteleza, huku kulia na kushoto maji yakitiririka kati ya mawe na vichaka.

Mgeni akiuona utepe huo kwa mara ya kwanza hudhani amedanganywa. Picha za matangazo zilimwahidi milima myeupe mpaka upeo wa macho. Lakini mwanzilishi hahitaji mlima mzima. Anahitaji mteremko mmoja mpole, laini, usio na msongamano wa watu, na vitu hivyo hupatikana Aprili kwa wepesi kuliko Februari.

MAJI KUPWA NA MAJI KUJAA

Mvuvi wa Pwani hatoki kwa kutazama saa ya ukutani, bali kwa kutazama maji. Theluji ya majira ya machipuko nayo ina kupwa na kujaa kwake kila siku, na raha yake yote imo katika kuijua saa.

Mchana jua huyeyusha uso wa theluji. Usiku, ikiwa mbingu ni safi, joto hupanda na kupotea angani, na yale maji huganda tena. Jambo hili likijirudia siku baada ya siku, vile vitambaa vya theluji vyenye ncha kali, vilivyoanguka wakati wa baridi, hupoteza ncha zake na kugeuka chembe za mviringo mfano wa punje za mtama. Asubuhi na mapema chembe hizo zimeshikamana, uso ni mgumu kama ukoko wenyewe, na mbao za skii huugonga kwa kelele za kukera meno. Wakati huo ajuaye hujikalia na kunywa chai yake.

Mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi jua huwa limelegeza unene wa kidole kimoja kutoka juu, ilhali chini bado ni imara. Hiyo ndiyo saa yenyewe. Skii huzama kidogo tu, hugeuka bila ya kulazimishwa, na sauti yake ni ya mchele unaomiminwa katika ungo. Chini ya ubao huwa na utando mwembamba wa maji, na huo ndio unaoutelezesha. Hata anayeanguka huanguka juu ya kitu kinachokubali, si juu ya barafu inayovunja mifupa. Katika saa hizo mbili au tatu mwanafunzi hujifunza mengi kuliko anayojifunza katika siku nzima ya Januari, kwa sababu haogopi.

Baada ya saa 7 au saa 8 mchana maji huzidi, na theluji hugeuka uji. Utando ule uliokuwa ukitelezesha sasa hunata na kuvuta, na miguu hukwama kama iliyoingia katika tope la mikoko. Hapo ndipo magoti yaliyochoka huumia. Mwenye busara hufungua buti zake, hata kama tiketi yake bado inamruhusu kuendelea.

Kuna hekima nyingine ndogo: jua halifiki kila mahali kwa wakati mmoja. Miteremko inayoelekea mashariki hulegea kwanza, kisha ya kusini, na mwisho ya magharibi. Mwenye kulifuata jua kuuzunguka mlima huweza kuirefusha saa yake njema. Na usiku ukiwa na mawingu mazito, theluji haigandi ipasavyo, hivyo asubuhi huanza ikiwa tayari ni uji. Kwa hiyo katika taarifa ya hali ya hewa, tazama pia usiku uliotangulia.

RAHA ISIYOANDIKWA KATIKA MATANGAZO

Aprili moja tulisafiri familia 4 kutoka mitaa hii, wakubwa kwa wadogo, kwenda Aviemore. Mama mmoja wa Mombasa, aliyepita umri wa miaka 50, alikuja kwa kazi moja tu ya kulinda mikoba na chupa za chai. Alikaa juani nje ya mkahawa akiwa amefungua vifungo vya koti, na akatutazama tukianguka na kuinuka. Siku ya pili alisema kwamba kama mtoto wa miaka 7 anaweza, yeye hashindwi. Akavishwa buti, akashikwa mikono na binti zake wawili, akateleza labda mita 10. Aliposimama alisema, "Kumbe inakwenda yenyewe!" Katika Januari mama yule asingetoka chumbani.

Hiyo ndiyo raha ya kwanza ya mwisho wa msimu, kwamba hata asiyecheza hupata sehemu yake. Jua lina joto, siku ni ndefu, na mtu anaweza kuketi nje bila ya kutetemeka. Ndege aitwaye ptarmigan, ambaye wakati wa baridi huwa mweupe pe, huonekana katikati ya mawe akiwa na mabaka, nusu kavaa vazi la zamani na nusu la jipya. Chini yake, katika milima hiyo hiyo, lipo kundi la kulungu wa kaskazini walioletwa kutoka Sweden kuanzia mwaka 1952, na watoto huwapenda kuliko hata skii.

Raha ya pili ni upole wa watu. Wenye haraka na mashindano wamekwisha kwenda zao. Waliobaki aghalabu ni wenyeji na wapenzi wa mlima, ambao hufurahia kila mteremko kwa kuwa hawana hakika kama wiki ijayo utakuwapo. Walimu nao huwa na nafasi. Mithali yetu isemayo kwamba mwenda pole hajikwai imepata mahali pake: anayeteleza polepole juu ya theluji laini huona kila jiwe mbele yake.

Mawe yapo kweli, na haifai kulificha hilo. Theluji iliyokonda huweza kuwa imefunika kijito, juu ikionekana nzima na chini ikiwa na uwazi. Ukingo wa utepe huwa dhaifu kuliko katikati yake. Basi kaa katika njia zilizowekewa alama, usipite palipozungushiwa kamba, na njia ikifungwa usibishane na aliyeifunga.

SALA, STARA NA CHAKULA

Wazazi wengi huuliza kwanza juu ya dini, na ni haki yao. Katika mwezi wa Desemba jua hutua Aviemore karibu saa 9 na nusu mchana. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hubanana ndani ya muda usiotimia saa 4, nao ndio muda wa skii. Lakini katikati ya Aprili Adhuhuri huingia yapata saa 7 na robo, yaani wakati ule ule theluji inapoanza kuwa uji na mtu apaswa kupumzika. Alasiri huingia karibu saa 11 jioni, ukiwa umesharudi nyumbani na kuoga, na jua hutua baada ya saa 2 usiku. Ratiba ya mlima na ratiba ya Sala hupatana. Kibla kutoka huko ni upande wa kusini-mashariki, kama hapa London. Ama suala la kupaka maji juu ya khofu, na iwapo buti la skii linaingia katika hukumu hiyo, kila mtu na amwulize imamu wake kabla ya safari, pamoja na hukumu za kupunguza na kukusanya Sala kwa msafiri.

Kuhusu stara, sijui mchezo mwingine wa nchi hizi unaomfunika mtu kama huu. Suruali ni pana, koti ni refu, glavu zimefika mkononi, kichwa kimefunikwa, shingo imefunikwa, na wengi hufunika hata pua na mdomo. Huko juu kila mwanamke amejisitiri, na hakuna anayemwuliza mwenzake sababu. Hijabu nyembamba iliyokaza hukaa vyema chini ya helmeti. Asivae mtandio mrefu wenye ncha zinazoning'inia, kwani huweza kunaswa katika mitambo ya kupandishia watu.

Chakula ni jambo jepesi. Katika nyumba ya kupanga yenye jiko, mnapika wenyewe. Nyama inunuliwe hapa hapa Rye Lane, igandishwe na kufungwa vizuri. Kwa mchana, chapati, kachori na mayai ya kuchemsha vinatosha, na chai ya tangawizi katika chupa. Bei za mkahawa wa mlimani hazitawahusu.

Jambo moja la afya: msidanganywe na baridi ya asubuhi. Theluji hurudisha juu sehemu kubwa ya mionzi ya jua, hivyo jua la Aprili hukupiga kutoka mbinguni na kutoka chini. Miwani ya jua ni ya lazima kwa kila mmoja, hata watoto. Na mafuta ya kuzuia jua yapakwe usoni bila ya kujali rangi ya ngozi, hususa puani na chini ya kidevu.

WALIOTUTANGULIA

Wako watu wa kwetu waliokwisha kupita njia hii mbele ya macho ya dunia. Philip Boit, mkimbiaji kutoka Eldoret, aliiona theluji kwa mara ya kwanza mwaka 1996 alipopelekwa Finland kujifunza skii ya masafa. Miaka 2 baadaye, mwezi wa Februari 1998, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10. Theluji ya siku ile ilikuwa laini na yenye maji, ambayo ni mtihani hata kwa mabingwa. Boit alimaliza wa 92, ambaye ndiye wa mwisho, takriban dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kwenda kupokea medali yake mpaka Boit afike, akamngoja mstarini na kumkumbatia. Boit alirudi katika Olimpiki za 2002 na 2006, na mwanawe mmoja akampa jina la Dæhlie.

Yuko na binti wa Pwani hasa. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998, akahamia Austria angali mtoto mdogo, akakulia mlimani. Mwaka 2018, huko PyeongChang, Korea ya Kusini, akawa Mkenya wa kwanza kushindana katika skii ya kuteremka mlima katika Olimpiki. Basi mtu akisema mbele ya mwanao kwamba mchezo huu si wetu, mwanao ana jibu, na jibu hilo limetoka Kilifi.

MLIMA WA NYUMBANI

Sasa nifike kwenye lile jambo zito. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akisafiri kutoka pwani kwenda Uchagani, aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri, aliuita weupe ule kwa neno moja tu: "baridi." Habari hizo zilipochapishwa mwaka 1849, mwanajiografia William Desborough Cooley, hapa hapa London, alizikataa akishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na mstari wa ikweta. Mtu wa Pwani aliujua ukweli kwa ngozi yake, na msomi wa London aliukana kwa vitabu vyake.

Theluji ile ilikuwa nyingi ya kutosha kuteleza juu yake. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na skii na kuteremka nazo. Mwaka ule ule wa 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Ilipofika mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2. Wataalamu wanaeleza kwamba hewa ya juu imekuwa kavu zaidi na theluji mpya imepungua tangu mwisho wa karne ya 19, na kwamba joto la dunia limeongeza msukumo. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitahadharisha kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya inatazamiwa kutoweka ifikapo mwaka 2050.

Uskoti nako hakujasalimika. Katika korongo moja la mlima Braeriach, jirani na Cairn Gorm, kuna kiraka cha theluji kiitwacho Sphinx, ambacho zamani kilikuwa kikidumu kiangazi chote mpaka theluji mpya ikikute. Katika karne nzima ya 20 inajulikana kutoweka mara 3 tu: 1933, 1959 na 1996. Tangu kuanza kwa karne hii kimetoweka mara zisizopungua 7, zikiwamo 2021, 2022 na 2023, miaka mitatu mfululizo.

Wenye jamaa Ghuba watasema kwamba kule Dubai kuna theluji ya mwaka mzima ndani ya jengo, tangu Ski Dubai ilipofunguliwa mwaka 2005. Ni kweli, na watoto huifurahia. Lakini theluji ile haina asubuhi wala alasiri, haina saa ya kuingojea, na huwepo mradi umeme haujakatika. Kwa hiyo haiwezi kumfundisha mtoto kile ninachotaka ajifunze, nacho ni kuitambua neema wakati bado iko mbele yake.

Huenda mtu akauliza: je, si vibaya kustarehe juu ya kitu kinachokwisha? Naona kinyume chake. Anayekijua kitu kwa miguu yake hukisikitikia, na anayekisikitikia ndiye hukilinda. Mtoto aliyengoja saa 4 ya asubuhi ili theluji ilegee, akaona wiki moja baadaye picha ya mteremko ule ule ukiwa mawe matupu, hatahitaji hotuba ndefu juu ya hali ya hewa ya dunia. Na atakapoambiwa habari za Kibo atafahamu ni kitu gani hasa kinachopotea kwao.

TUFANYEJE

Kwanza, tuchague wakati. Katika miaka hii Ramadhani imerudi katika majira ya baridi na mwanzo wa machipuko, na Idi hutangulia likizo ya Pasaka. Mwaka 2025, kwa mfano, Idi ilikuwa mwishoni mwa Machi na Pasaka tarehe 20 Aprili. Saumu imekwisha, shule zimefungwa, na theluji ya mwisho bado ipo. Nafasi hii haitadumu, kwa kuwa mwezi wa Kiislamu husogea siku 10 au 11 kila mwaka.

Pili, tuende kwa reli na kwa pamoja. Basi namba 63 hutoka Peckham mpaka King's Cross, na kutoka hapo ipo treni moja kwa siku inayofika Aviemore bila ya kubadilisha. Ipo pia treni ya usiku kutoka Euston, isipokuwa usiku wa Jumamosi. Tiketi zikinunuliwa mapema, na kadi ya familia ikitumika, gharama hushuka. Nyumba moja kwa familia mbili ni nafuu kuliko vyumba vya hoteli. Vifaa vyote hukodishwa huko huko, hivyo asinunue mtu skii. Koti la mvua, fulana za sufu na soksi nene moja moja zinatosha. Na tusisahau bima.

Tatu, tujaribu kwanza karibu na nyumbani. Hemel Hempstead kuna mteremko wa theluji ndani ya jengo, uliofunguliwa mwaka 2009, na treni zake hutoka Euston. Saa moja ya mafunzo pale humwonyesha mtoto kama moyo wake umo, kabla ya kutumia fedha nyingi.

Nne, tusome taarifa ya theluji ya kituo husika siku mbili kabla ya kuondoka, na tuulize kama treni ya mlimani inafanya kazi, kwa kuwa tangu mwaka 2018 ya CairnGorm imewahi kufungwa kwa vipindi virefu kwa matengenezo. Mwisho wa msimu hauna ahadi. Tukikuta mlima mtupu, basi tutapanda kwa miguu, tutawaona kulungu, na tutarudi salama.

Tano, ile barua ya shule isomwe na ijibiwe. Ikiwa fedha ndizo kizuizi, mzazi na azungumze na shule kabla ya siku ya mwisho, kwani shule nyingi zina namna ya kusaidia au kukubali malipo ya kidogo kidogo. Jibu likiwa "hapana," na liwe hapana baada ya kufikiri.

Wazee walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Theluji haimngojei mtu. Katika Aprili ijayo, inshallah, utepe ule mweupe utakuwa umelala tena kati ya mawe ya Cairn Gorm, mwembamba, wenye maji, na unaotosha kwa watoto wetu wote wa mtaa huu. Tuwapeleke wangali wadogo, nao ungalipo.